Wimbo Uliokatwa Katikati

MASANJA: Karibu tena msikilizaji, tuko Kirumba hapa Mwanza. Ukisikia honi, ni daladala za kuelekea Mwaloni. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malimbe alitutumia ujumbe wa sauti. Amemaliza shahada ya kwanza, anapiga kinanda kwaya ya kanisani, anataka uzamili wa historia ya muziki. Baba yake anamuuliza, "Ukimaliza utakuwa nani?" Dada Nyanzala, wewe umeisoma Kampala. Tunamjibuje?

NYANZALA: Swali la mzee silidharau. Anayeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuuliza. Ila kwanza mimi ningemuuliza kijana mwenyewe: ni sauti gani inayokukosesha usingizi? Maana uzamili huu hautakufanya upige kinanda vizuri zaidi. Kwa hilo nenda TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Huku utasikiliza, utasoma na mwisho utaandika tasnifu, na tasnifu bila swali linalokuuma ni adhabu.

MASANJA: Wewe lilikuuma lipi?

NYANZALA: Nyimbo zilizokatwa, kaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walirekodi nyimbo za huku kwenye silinda za nta. Silinda moja inabeba dakika mbili, tatu, nne ikizidi sana. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi ya sauti ya Berlin, akachapisha uchambuzi na nota za nyimbo za Wanyamwezi, jirani zetu. Sasa wewe umecheza Bulabo, tamasha letu la ngoma Wasukuma, pale Bujora. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, akisimama, anamaliza kwa dakika tatu?

MASANJA: Thubutu! Dakika tatu hata wapinzani wake, kundi la Bagalu, hajawachokoza bado.

NYANZALA: Ndiyo hapo. Anayesoma nota zile peke yake ataamini muziki wetu ni mfupi na unajirudiarudia. Kumbe iliyokuwa fupi ni mashine! Mimi nilipoligundua hilo niliweka vipokea sauti mezani nikanyamaza. Mwanahistoria wa muziki ndiyo kazi yake hiyo: anauliza nani alirekodi, kwa chombo gani, alimkatiza nani, na nini hakikuingia.

MASANJA: Na kijana wa Malimbe anaingiaje hapo?

NYANZALA: Kwa lugha yake. Frank Gunderson, profesa wa Marekani, amefanya utafiti mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma, zile za jembe, na namheshimu sana. Lakini kijana wetu Kisukuma amekinyonya. Akisikia fumbo kwenye wigashe, ngoma yetu ya kukaa, anacheka kabla hajatafsiri. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alituonyesha kwa nanga za Wahaya, tenzi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi, jinsi mtafiti wa nyumbani anavyoweza kufika mbali.

MASANJA: Asome wapi?

NYANZALA: Karibu ni Makerere na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Makerere wana hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Uganda. Akienda Marekani kwa uzamivu, baadhi ya vyuo vinaweza kumtaka asome lugha nyingine ya utafiti, kama Kijerumani au Kifaransa. Asikimbie Kijerumani. Habari za zile silinda zimeandikwa kwa lugha hiyo.

MASANJA: Haya, tuje kwenye mkate wa kila siku sasa. Mzee anasubiri.

NYANZALA: Ukweli ni kwamba nafasi za uhadhiri ni chache. Mimi baada ya kuhitimu nilikaa mwaka mzima nafundisha kwaya tu. Kazi nyingine iko kwenye utunzaji wa sauti. Radio Tanzania ilirekodi bendi na ngoma kwenye mikanda, na mkanda unazeeka, mwingine unanata, mwingine unanuka siki. Kuuingiza kwenye kompyuta, saa moja ya mkanda inakula saa moja au zaidi. Halafu nani anaimba? Lugha gani? Ngoma ya harusi au ya kulima? Hayo kompyuta haijui, anayajua mtu aliyesomea.

MASANJA: Na haki za wasanii?

NYANZALA: Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, lakini mjukuu wa mwimbaji atadai nini kama kwenye kasha imeandikwa "ngoma ya Kisukuma" bila jina la mtu? Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi. Sauti zile ziko kwenye hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954, leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kuzirudisha, kuwatafuta wenyewe kijiji kwa kijiji, hiyo ni kazi ya mtu mwenye shahada hii. Makumbusho, redio na watengeneza filamu nao wanawahitaji, ila hiyo ndiyo ningemwombea.

MASANJA: Atume maombi lini?

NYANZALA: Kabla ya maombi, kuna jambo. Ujumbe wake nimeusikiliza mara tatu. Nyuma yake kuna mzee anaimba polepole, kama anachambua mahindi. Ulimsikia?

MASANJA: Nilimsikia. Nimempigia kijana jana kumuuliza. Ndiye baba yake.

NYANZALA: Basi akae naye leo jioni, simu iwe na chaji. Amuulize wimbo ule alijifunza kwa nani, ngoma gani, mwaka gani. Aandike jina la aliyeutunga. Na amwache aimbe mpaka mwisho.