Sauti Haijafa, Imekwenda Kwingine

Walimu wenzangu, hamjambo. Mwenyekiti amenipa muda hadi chai ya saa nne, lakini kwa mawingu niliyoyaona juu ya Arua asubuhi hii, muda huo ni wa kukopa. Mvua ikianza kupiga bati hili hamtanisikia, kwa hiyo salamu nyingine tutamalizia kwenye chai.

Tangu mtaala mpya wa Uganda wa 2020 ukifanye Kiswahili somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, wengi wetu tunabeba laptopu darasani ili watoto wasikie ufahamu wa kusikiliza. (Najua humu wapo wa tarakilishi na wapo wa kompyuta mpakato. Mimi nasema laptopu, fundi anielewe.) Na nani hajawahi kubonyeza, akaona midomo kwenye picha inacheza, sauti hakuna, darasa zima linamkodolea macho?

Mwaka jana mwenzangu mmoja alipeleka yake kwa fundi mjini. Fundi akafungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa: bodi kuu ya ndani imekufa upande wa sauti, lete shilingi 150,000. Akaja kwangu kukopa. Nikamwambia, hebu niione kwanza. Nikamulika tundu la hedifoni kwa tochi ya simu, na ndani mnang'aa kitu. Ncha ya plagi ilikatikia humo! Tundu lile lina swichi ndogo; likihisi chuma, laptopu inaamini umevaa hedifoni na kuzinyamazisha spika zake. Kwa wiki tatu laptopu ilikuwa ikiimbia masikio ambayo hayapo. Tuliizima, tukaitoa ncha kwa kijiti chenye tone la gundi, polepole, gundi isiguse kuta za tundu. Spika zikarudi siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana laptopu ikinyamaza mimi siulizi imeharibika nini. Nauliza sauti imekwenda wapi. Na Windows inakujibu, ukijua pa kuangalia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kinafunguka kidirisha chenye orodha ya milango yote ya sauti: spika, projekta iliyo kwenye waya wa HDMI, spika ya Bluetooth. Sasa cheza wimbo wowote, utazame vijistari vya kijani pembeni ya kila mlango.

Kijani kikipanda kwenye projekta, sauti inamiminwa huko, na projekta nyingi za shule zetu ama hazina spika ama zimefungwa sauti. Chagua spika za laptopu, uzifanye mlango mkuu. Kikipanda kwenye Bluetooth, ulizeni watoto nyumbani nani ana ile spika yao, mtaipata chini ya kitanda inaimba. Kisipopanda popote, shida iko kwenye programu au ukurasa unaouchezesha, umezimwa sauti wenyewe. Na kikipanda kwenye spika na bado kimya, angalia kitufe cha kunyamazisha, angalia tundu, kisha chomeka hedifoni. Zikisikika hedifoni, na kabla ya kuzichomeka tundu halikuwa na kitu, huenda spika au waya wake ndio wenye kasoro. Hapo sasa, fundi.

Orodha ikiwa tupu kabisa, mara nyingi ni draiva, ile programu inayoiunganisha Windows na kifaa cha sauti. Ingia Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya laptopu, kiondoe kifaa cha sauti kwenye orodha hiyo, uwashe upya; mara nyingi Windows hukirudisha chenyewe. Kikikataa, chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Zile tovuti za "draiva za bure" ziacheni kabisa, nimesafisha virusi vyao vya kutosha.

Kabla ya kulipa bodi, nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko maneno ya mtu. Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, chagua kujaribu bila kusakinisha. Ikiimba humo, bodi ni nzima, mgonjwa ni Windows. Ikinyamaza humo pia, dhana ya fundi imepata nguvu.

Mwalimu pale nyuma ameuliza kuhusu mngurumo kwenye spika. Chomoa chaja. Ukikoma, unatoka kwenye umeme wa chaja; huenda ni ekstensheni ya bei rahisi isiyo na waya wa ardhi. Tumia betri wakati wa somo. Na sauti kuwa kama ya simu ya zamani kwenye Zoom ni kwa sababu hedifoni ya Bluetooth imelazimika kubeba na maikrofoni. Chagua maikrofoni ya laptopu, itanyooka.

Haya, bati limeanza. Wenye laptopu bubu sogeeni meza ile ya dirishani, na mwenye hedifoni ya waya asiondoke nayo.