Historia chuoni: tuanze na shamba la pamba

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: anayekuja chuo kikuu kusoma historia ili akariri miaka, asijisumbue. Miaka imo kwenye simu zenu. Hapa tunafundisha kumhoji shahidi.

Chukueni Maji Maji, vita ya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani katika Tanganyika. Gavana wa Kijerumani, Götzen, alitoa kitabu chake juu ya vita hiyo mwaka 1909, na waganga waliogawa maji ya dawa ya kuzuia risasi wakabebeshwa mzigo mkubwa wa lawama. Kabla ya kumwamini, ulizeni: vita ilipozuka Julai 1905, nchi ilikuwa mikononi mwa nani? Mwake. Mganga akibeba lawama, pamba ambayo utawala uliwalazimisha watu kuilima inasalimika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee, nao wakaeleza shamba la pamba: zamu, msimamizi, viboko. Yawekeni hayo kando ya masharti ya utawala wenyewe: siku 28 za kazi kwa mwaka, na malipo ya mwaka wa kwanza senti 35, ambayo watu walikataa kuyapokea.

Wengi huharibu kwenye mahojiano. Jiwekeni mwaka ule wa 1968: ukimuuliza mzee, “Mlipigana kwa sababu ya maji?” atakuitikia ndiyo, kwa kukustahi tu. Muulize: mwaka ule mlilima nini? Nani aliwasimamia? Mlilipwa nini? Kisha piga hesabu. Mwenye miaka 80 mwaka 1968 alikuwa na 17 vita ilipoanza; huyo aliona. Mwenye 68 alikuwa na mitano. Anakusimulia ya baba yake, na lazima uandike hivyo. Mhoji peke yake kwanza. Barazani, mwenye ukoo mkubwa akishasema, wengine humfuata.

Mtasema mzee husahau. Husahau, ndiyo, na karani wa serikali aliyeandika mafaili naye huficha! Ndiyo maana hatumwachii mmoja wao kesi.

“Na ajira?” Kila mwaka naulizwa. Nendeni kwenye kesi yoyote ya mpaka wa shamba: wazee wawili, ramani moja, barua isiyo na tarehe. Anayejua kuipima barua ile ana kazi mkononi.

Nilitaka pia kuwaeleza mafaili ya Kijerumani pale Nyaraka za Taifa. Mwandiko wake wa kale unahitaji mazoezi ya wiki kadhaa, na muda umekwisha. Mtakaokwenda, bebeni penseli. Kalamu ya wino iacheni nje, tone moja likidondoka halifutiki.