Simu ya Jirani Haina Haja ya Kupanda Angani

Asanteni. Naomba tuanze na hesabu, maana mmeniita kama fundi wa minara ya simu.

Chukueni kijiji ambacho mnara wake umeunganishwa kwa setilaiti. Mama yuko dukani, anampigia mdogo wake aliyeko kisimani, mita 300 tu. Sauti inatoka kwenye kiswaswadu, inaingia mnarani, inarushwa juu karibu kilomita 36,000, inashuka mjini kwenye mtambo wa kuunganisha simu. Mtambo unagundua kumbe anayetafutwa yuko kijiji kilekile. Basi sauti inapandishwa tena, inashushwa tena. Jumla yake kilomita 144,000 hivi, karibu nusu sekunde kabla mdogo mtu hajasikia "haloo". Ndiyo maana wanakatizana maneno! Na setilaiti hukodishwa kwa pesa nyingi, kwa hiyo simu ya kisimani imelipiwa nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Mimi nikiulizwa gharama ya simu za vijijini inaanzia wapi, najibu hapo. Siyo kwenye chuma cha mnara. Ukiweka mtambo wa kuunganisha pale pale kijijini, simu za majirani zinaishia kwa majirani, na njia ya nje inabaki kwa wanaopiga mbali. Zamani mtambo huo ulijaza chumba. Siku hizi kuna programu huria kama OpenBTS na zile za Osmocom, na kompyuta ndogo inaifanya kazi hiyo.

Talea de Castro, kijiji cha Wazapoteki katika milima ya Oaxaca, Mexico, walifanya hivyo mwaka 2013 wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica. Kampuni hazikuona faida kwa watu kama 2,500. Wakasimika mtambo wao, na simu za nje, hata za kwenda kwa ndugu walioko Marekani, wakazipitisha kwenye intaneti kwa bei ndogo.

Sasa wanafunzi mtaniuliza: mtambo mdogo unabeba watu wangapi? GSM, teknolojia ya simu za kizazi cha pili, hugawa wimbi moja lenye upana wa kilohezi 200 katika vipande 8 vya muda. Kipande kimoja hutumika kuutangaza mtandao, vinabaki 7, yaani mazungumzo 7 kwa wakati mmoja. Ukiongeza wimbi, unaongeza na bei. Talea wakaweka kikomo: simu moja isizidi dakika 5. Najua mnacheka. Kwangu huo ni usanifu sawa na kuchagua antena, tena hauli umeme.

Umeme ndio ulionitesa mimi. Kuna mnara niliitwa kuutengeneza, wa kampuni ambayo sitaitaja. Nikafika, mlinzi kaanika mahindi juu ya tangi la dizeli. Redio, yaani kifaa cha mnarani kinachorusha mawimbi ya simu, nzima; nyaya nzima; tangi kavu siku ya nne, lori la mafuta limekwama mtoni. Nilikuwa nimebeba vipuri bure tu. Redio ya kawaida hula umeme usiku kucha ikitangaza mtandao kwa watu waliolala. Kurtis Heimerl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Berkeley walipendekeza redio isinzie pasipo na simu, iamshwe mtu anapotaka kupiga. Mzigo ukipungua hivyo, sola na betri zinatosha, na lori libaki mtoni.

Masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu, ni habari nyingine. Huuzwa kwa nchi nzima, halafu yanakaa bure vijijini. Mexico mwaka 2016 ilitoa kibali cha masafa kwa chama cha jamii za wenyeji, TIC, na mwanachama akawa analipa peso 40 kwa mwezi: 25 zinabaki kijijini, 15 zinakwenda kwenye chama. Kenya nayo mwaka 2021 iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. (Ya jamii, jamani, siyo ya kijamii. Sizungumzii Facebook.)

Nimalizie na Talea kwenyewe, maana wengi husimulia nusu. Kampuni kubwa ilikuja baadaye, ileile biashara iliyosemekana haina faida, na watu wakahamia huko. Mtandao wa kijiji ukafifia. Vijiji vingine vya Oaxaca vikaendelea na mitambo yao.

Haya, nani ana swali la kwanza?