Anayenunua Programu Yako ni Nani?

Ndugu zangu wachoraji, na nyinyi waandaaji programu mliojazana upande wa dirisha, hamjambo. Walionisikia huko nyuma wanajua nitakachosema, na nitakisema tena. Kila mara nakutana na kijana aliyetengeneza programu ya kuchora akaipeleka App Store au Google Play, na nikimuuliza wanunuzi wake ni akina nani, ananitajia idadi. "Nimepata mia mbili, mwalimu." Sikukuuliza wangapi. Nimekuuliza ni akina nani.

Najua mnasubiri nianze na asilimia 30 inayokatwa na duka kwenye kila mauzo, maana kila anayepanda jukwaani kuzungumzia maduka haya huanzia hapo. Sianzii hapo. Apple ilifungua duka lake Julai 2008, ikachukua 30 katika kila 100, na wenzake wakafuata. Tangu Januari 2021 mtengenezaji ambaye mapato yake ya mwaka hayazidi dola milioni moja anaweza kujiandikisha akatwe 15. Google nao wakashusha hadi 15 kwa dola milioni ya kwanza, kuanzia Julai mwaka huohuo. Duka la Epic, kampuni ya michezo ya kompyuta, lilianza kwa kuchukua 12. Hizo ni gharama, zinahesabika, unazitia kwenye bei yako na maisha yanaendelea. Waliouza programu kwenye masanduku walikatwa pia, na wasambazaji na wenye maduka ya mitaani. Kilio cha kamisheni kimetuziba masikio tusisikie jambo kubwa zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1991 kampuni ya Fractal Design ya California ilitoa programu inayoitwa Painter. Ilikuwa inaigiza makaa, pasteli na rangi ya mafuta vizuri kuliko kitu chochote kilichokuwapo kwenye kompyuta za mezani. Waliiuza ndani ya bati la rangi. Bati kweli, la chuma, lenye mfuniko, kama haya ya rangi ya ukutani, na ndani mna diski na kitabu cha maelekezo. Watu wanakumbuka bati. Mimi nawaambia angalieni kitu kingine kilichokuwa ndani ya vifurushi vya programu zama zile, ambacho wengi walikitupa: kadi ya usajili. Unaandika jina, anwani na namba ya leseni yako, unapeleka posta. Kikaratasi kile ndicho kilichoshikilia biashara nzima. Toleo jipya likitoka, mwenye kadi yake kwenye faili anaandikiwa barua: wewe ni mteja wetu wa zamani, lipa kiasi hiki kidogo upate toleo jipya. Painter ilipoishia mikononi mwa kampuni ya Corel utaratibu uliendelea, na kwa miaka mingi bei ya mwenye toleo la nyuma ilikaribia nusu tu ya bei kamili.

Mtaniuliza, bei ya mteja wa zamani ina nini cha ajabu? Ina kila kitu. Programu ya kuchora haimaliziki. Mfumo wa kompyuta unabadilika, skrini zinabadilika, kalamu zinabadilika. Ilipokuja Apple Pencil, kalamu ya kuchorea kwenye iPad, mwishoni mwa 2015, waliotaka kuitumikia vizuri walirudi kazini kupanga upya namna brashi inavyopokea mgandamizo na mlalo wa kalamu. Kazi hiyo nani anailipia? Zamani aliilipia mteja wa zamani, kidogokidogo, kila toleo, na kwa hiari yake. Akiona toleo la sita halina jipya analiruka, anangoja la saba. Mtengenezaji naye analazimika kuleta kitu cha maana, la sivyo watu wanabaki na walichonacho. Wote wawili walikuwa na nguvu ya kusema hapana.

Sasa ingia App Store utafute mahali pa kuweka bei ya mteja wa zamani. Hakuna. Duka lilipofunguliwa halikuwa nayo, na mpaka leo halina. Ukiwa na toleo jipya umebakiwa na njia tatu: uwape wa zamani bure daima, au uitoe kama programu nyingine kabisa na kila mtu anunue upya, au uache kuuza uanze kukodisha kwa mwezi.

Itazameni kampuni ya Serif, ya Nottingham, Uingereza, waliotengeneza programu za michoro za Affinity. Affinity Designer ilizaliwa ndani ya duka la Apple mwaka 2014, kwenye Mac tu, ikapendwa sana na watu waliochoshwa na kukodishiwa Photoshop, kwa sababu Adobe, wenye Photoshop, walikuwa wametangaza mwaka uliotangulia kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena moja kwa moja. Affinity ilisema: lipa mara moja, ni yako. Miaka minane ikapita, maboresho yakitoka bure. Novemba 2022 wakatoa toleo la pili. Hapo ndipo duka lilipowabana. Wateja wametawanyika, wengine walinunua kwa Apple, wengine kwa Microsoft, wengine kwenye tovuti ya Serif yenyewe. Wakatoa punguzo la asilimia 40 kwa kila mtu. Kila mtu! Aliyewaamini tangu 2014 na aliyesikia jina lao jana wamelipa bei ileile. Watu wakakasirika, na hasira yao naielewa, lakini ilielekezwa pasipo. Hata ungekuwa na nia njema kiasi gani, duka la Apple halina pa kumtenga mteja wa miaka minane na mgeni kwenye toleo jipya.

Naona kaka pale anatikisa kichwa. Utaniambia Apple wana vifurushi. Ndiyo, tangu 2014 unaweza kufunga programu zako pamoja, na aliyekwisha kununua moja akalipia kilichobaki tu. Wapo wajanja wanaofunga toleo la zamani na jipya pamoja ili wapate kitu kinachofanana na bei ya mteja wa zamani. Lakini lazima toleo la zamani liendelee kuuzwa humohumo, mgeni anaingia anakuta programu mbili za jina moja, ananunua la zamani kwa makosa, kisha anakuja kukutukana. Na aliyenunua nje ya duka hilo hatambuliki kabisa. Utaniambia tena: toleo jipya liwe nyongeza ya kununua ndani ya programu. Sawa, jaribu. Utabeba toleo la zamani na jipya ndani ya programu moja, uhakikishe zote mbili zinafanya kazi kila mfumo unapobadilika. Timu ya watu watatu haiwezi.

"Na Procreate je?" Hilo huulizwa kila mara, nami nalipenda. Procreate inatengenezwa na Savage Interactive, Hobart, kisiwani Tasmania, Australia. Imekuwa App Store tangu 2011, unalipa mara moja, siku hizi kama dola 13, na matoleo mapya yote wamewapa wateja bure. Nawaheshimu kwa dhati. Lakini angalieni pesa zinatoka wapi. Zinatoka kwa mgeni anayenunua leo. Ili anayenunua leo amlipie aliyenunua 2013, lazima wageni waje bila kukatika, na wanakuja kwa kuwa iPad zinauzwa dunia nzima na mwenye iPad na kalamu karibu lazima aambiwe habari za Procreate. Programu ngapi za kuchora zina bahati hiyo? Wewe unayetengeneza ya kwako Nairobi au Dodoma huwezi kuipangia bajeti. Na hata Savage, mwishoni mwa 2023, walipoingia kwenye katuni za kusogea walitoa Procreate Dreams kama programu nyingine yenye bei yake. Mimi naona walifanya sawasawa: hapo mteja wa zamani alipata nafasi ya kuwalipa tena.

Wengine wengi wanasukumwa kwenye kukodisha kwa mwezi. Clip Studio Paint ya Celsys, Japani, ambayo wachora katuni wengi mnaitumia, kwenye kompyuta iliuzwa kwa malipo ya mara moja. Ilipoingia iPad Novemba 2017, iliingia kwa malipo ya mwezi au mwaka. Programu ileile.

Malipo hayo ya mwezi yakipitia dukani, mambo huwa hivi. Nina mwanafunzi, binti anayechora vitabu vya watoto kwenye tableti. Alikuwa analipia programu yake kwa mwezi, kupitia duka, kwa kadi ya benki ya kaka yake. Kadi ikaisha muda. Duka likajaribu kukata, likashindwa, likafunga. Asubuhi anafungua kazi yake: mbuyu, watoto watatu chini yake, kivuli cha mchana, leya, yaani tabaka za picha, zaidi ya thelathini. Anaviona vyote. Hawezi kuhifadhi hata mstari mmoja. Mchapishaji anapiga simu. Akawaandikia watengenezaji, wakamjibu kwa adabu kabisa: dada, malipo yako yako dukani, sisi hatuyaoni, wasiliana na duka. Akaandika dukani, akajibiwa: tatizo la programu wasiliana na watengenezaji wake. Nilizisoma barua zote mbili mwenyewe. Kila mmoja alikuwa anasema kweli! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Watengenezaji wale hawakuwa na namna ya kumwona. Kwao yeye ni tarakimu kwenye ripoti: nchi, idadi, kiasi. Hakuna jina, hakuna barua pepe, wala njia rahisi ya kusema "huyu ametulipa kwa miaka, mfungulieni wiki moja."

Na mteja akikasirika anakwenda wapi? Kwenye nyota. Anaandika nyota moja, "brashi inachelewa," basi. Kifaa gani, turubai ya ukubwa gani, leya ngapi, hasemi kitu. Tangu 2008 mpaka Machi 2017 mtengenezaji hakuweza hata kujibu maoni hayo kwenye App Store. Sasa anaweza kujibu, mbele ya watu wote, lakini kumwomba mtu yule faili lake ili autafute ugonjwa wenyewe, mpaka mteja apende kumtafuta.

Haya. Nisije nikaonekana nasema msipeleke programu dukani. Pelekeni. Nataka mjifunze kwa Krita. Krita ni programu huria ya kuchora, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na nyumba yake ni taasisi ndogo ya Uholanzi, Krita Foundation. Mwaka 2014, 2015 na 2016 walipitisha kapu Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, ili walipe waandaaji programu wao. Wakati huohuo wakaanza kuuza: kwanza Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kisha duka la Microsoft, baadaye Epic, na hata duka la Mac. Kuuza kitu ambacho kwenye tovuti yao unakipakua bure! Wapo waliowaita wezi. Kwa nini wezi? Hakuna aliyefichwa. Anayelipa dukani anapata programu ileile, inajisasisha yenyewe, na anajua pesa yake inasaidia kulipa watu wanaoandika msimbo. Mtu anayependa kununua pale alipozoea kununua ananunua. Asiyekuwa na senti anapakua.

Lakini jambo lililonifanya niwasimulie Krita ni kwamba mlango wao wenyewe haujafungwa hata siku moja. Brashi ikiharibika, mchoraji anajua pa kwenda kuandika hitilafu, anaambatisha faili lake, mwandaaji programu anamjibu kwa jina, wanabishana, hitilafu inatengenezwa. Aliyenunua Steam na aliyepakua bure wanakutana palepale. Duka kwao ni sehemu ya kupokelea pesa, na mazungumzo na wachoraji yamebaki nyumbani.

Najua pingamizi jingine, na hili ni la kwetu, silidharau. Kijana wa Kisumu anayechora kwa simu hana kadi ya benki. Google Play nchini Kenya inapokea M-Pesa. Tovuti ya mtengenezaji mdogo inadai Visa. Kwake duka ndilo mlango wa kweli, na nikimwambia mtengenezaji auze kwenye tovuti tu, nimemfungia kijana huyo nje. Kweli kabisa. Tangu 2022 Safaricom na Visa wana kadi ya mtandaoni inayotoka kwenye M-Pesa yenyewe, kwa hiyo ukuta umepungua, ingawa haujaanguka. Ndiyo maana nasema dukani na nyumbani, vyote viwili. Na ukiuza nyumbani, pokea pesa za simu. Usinakili ukurasa wa malipo wa mtu wa Marekani halafu ushangae mbona Watanzania hawanunui.

Muda unanikimbiza. Kesi ya Epic na Apple, iliyofunguliwa Agosti 2020, nilitaka kuieleza. Itoshe kusema imewalazimisha Apple kuruhusu programu nchini Marekani zimwelekeze mteja akalipie nje, na ugomvi wa ada haujaisha. Msipange biashara yenu juu ya hukumu ya mahakama ya California. Suala la leseni huria na masharti ya maduka naliacha kabisa, linahitaji siku yake.

Ila hili lifanyeni wiki hii, nyinyi wenye programu tayari ziko dukani. Kwenye ukurasa wa kwanza wa programu wekeni kisanduku cha barua pepe, kwa hiari, kisimzuie mtu kuchora. Andikeni wazi mtakitumia kwa nini: toleo jipya, hitilafu, na msaada wa malipo yakikwama. Mchoraji akihifadhi, mpeni nakala ya faili katika mfumo ambao programu nyingine inaweza kufungua, PSD ya Photoshop ikiwezekana, picha ya PNG ya kila leya ikishindikana, na njia hiyo ibaki wazi hata malipo yakikatika. Binti wa mbuyu angemaliza kitabu chake kwenye Krita siku ileile.

Maswali. Tuanze na kaka wa vifurushi, najua hujaridhika.