Darubini ya Shabaha kwa Mfuko Mwepesi

ATHMAN: Asalaam aleikum kutoka Malindi. Leo ni darubini ya kutazamia shabaha, ile ya kusimamisha pembeni ya mlengaji. Bi Zuhura, mtu ana shilingi 30,000 na bunduki ya .22. Aanze wapi?

ZUHURA: Aanze na miguu. Shilingi 10,000 ziende kwenye stendi, zinazobaki ndizo za darubini. Kile kistendi cha mezani kinachokuja ndani ya boksi hakina kazi. Ukigusa tu pete ya fokasi, picha inacheza, na kusi ikivuma haitulii kabisa.

ATHMAN: Wateja swali lao moja tu: inavuta mara ngapi?

ZUHURA: Hapo ndipo wanapoliwa. Tundu la risasi ya .22 kwenye karatasi lina upana wa milimita 5.6 hivi. Kwa mita 50, mara 20 inatosha, na hata kwa mita 100 utaliona kama kioo ni safi. Kinachosumbua zaidi ni tundu jeusi kwenye duara jeusi. Bandika karatasi nyeupe nyuma ya shabaha, tatizo linapungua.

ATHMAN: Sasa mara 60 ina ubaya gani?

ZUHURA: Inakula mwanga. Chukua kioo cha mbele cha milimita 60, ugawanye kwa idadi ya mara inazovuta. Kwa mara 20, mwale unaoingia jichoni una upana wa milimita 3. Kwa mara 60 unabaki milimita 1. Picha inafifia, na joto linalopanda kutoka ardhini nalo linakuzwa.

ATHMAN: Na zile za mtandaoni zilizoandikwa mara 80, kwa bei ya kilo chache za pweza?

ZUHURA: Zipime kwa rula! Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe, jua usilielekee kabisa, halafu rudisha uso nyuma kama sentimita 30. Kwenye kioo cha jichoni utaona kiduara cha mwanga. Kioo cha mbele kikiwa milimita 60 na kiduara milimita 6, hiyo haizidi mara 10, waandike watakavyo.

ATHMAN: Na umbo la hicho kiduara?

ZUHURA: Litazame vizuri. Likiwa mviringo safi, prizimu, kile kioo cha ndani kinachogeuza picha ikae wima, yaelekea ni ya BAK4, aina bora ya kioo. Likiwa limekatwa pembeni kwa kivuli cha kijivu, mara nyingi ni BK7, ya bei ya chini. Kwa mazoezi ya mchana hiyo si dhambi.

ATHMAN: Rangi tunaijaribia pale kwenye Nguzo ya Vasco da Gama.

ZUHURA: Ule msalaba wa juu unafaa sana. Simama mchangani, uweke katikati ya picha dhidi ya anga, uvute mara 20. Ukingo ukitoa utepe wa zambarau au kijani, kioo hakikusanyi rangi zote mahali pamoja. Pembeni mwa picha vumilia kidogo. Ikiwa ni katikati, rudisha dukani.

ATHMAN: Mlengaji wa kulala kifudifudi?

ZUHURA: Anunue ambayo sehemu ya jichoni imepinda digrii 45, yenye pete ya kuzungushia mwili wa darubini, aitazame bila kuinua kifua. Anayevaa miwani atafute nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo, isiyopungua milimita 15. Na asitazame kwa darubini ya bunduki badala yake, maana mdomo wa bunduki unafuata jicho.

ATHMAN: Upepo je?

ZUHURA: Rudisha fokasi kidogo mpaka ione hewa iliyo mbele ya shabaha. Mazigazi yakitiririka kwenda kulia, upepo unatoka kushoto. Yakichemka wima, ama umetulia, ama unakuja mbele au nyuma yako moja kwa moja. Hapo usipite mara 25, utaona uji tu.

ATHMAN: Tumalizie na huu unyevu wetu wa pwani.

ZUHURA: Tafuta iliyojazwa gesi kavu ya naitrojeni na kufungwa isipitishe maji. Ukitoka kwenye gari lenye eisi itafunga ukungu kwa nje. Ngoja ukauke, usisugue. Chumvi ipulize kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu, la sivyo chembe zinakwaruza kioo. Usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi, humo ndimo kuvu inamoota, na kwa bei hii fundi wa kuifungua anaweza kudai kuliko ulivyoinunulia.

ATHMAN: Basi ikae wapi?

ZUHURA: Kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Zile za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Zikaushe kwa moto mdogo wa oveni, uzirudishe.