Bangi, mpapai na ganda la ndimu

Ba mama, ba baba, na ninyi wanafunzi, jambo yenu. Kabla hamjauliza: hapana, sikuleta mmea wenyewe. Polisi wangetubeba sote wawili. Nimeleta mshumaa na ganda la ndimu.

Tuanze na mpapai. Kwenye lupango, yaani nyua za nyumba, za hapa Lubumbashi hamkosi kuona mpapai unaotoa maua yanayoning'inia, mwaka hata mwaka, tunda hakuna. Huo ni dume. Bangi kwa kawaida iko hivyohivyo: dume mbali, jike mbali. Dume humwaga chavua, upepo ukaibeba, nalo likakauka. Kinachotafutwa ni jike. Ukitazama ua lake kwa kioo cha kukuzia, utaona vinywele vifupi, kila kimoja kimebeba kichwa cha duara kinachong'aa kama umande. Ni utomvu unaonata, na kemia yote ya leo imo humo.

Mmea hutengeneza kwanza asidi iitwayo CBGA. Kisha inategemea mmea umerithi kimeng'enya kipi, yaani protini inayogeuza kemikali moja kuwa nyingine: kimoja huigeuza kuwa THCA, kingine CBDA. Hapo ndipo bangi ya kuvuta inapoachana na bangi ya nyuzi. Spishi ni moja, Cannabis sativa, kama mtaalamu wa mimea Linnaeus alivyoiita mwaka 1753. Magazeti yetu yakiandika "chanvre", yaani bangi kwa Kifaransa, ni ule mzigo uliokamatwa. Mkulima wa Ufaransa akisema "chanvre", anawaza kamba na karatasi. Hakuna anayekosea. Jicho nalo haliamui, maabara ndiyo huamua: Marekani mpaka wa bangi ya nyuzi ni asilimia 0.3 ya THC, kile kinacholewesha.

Sasa lile ambalo watu hunibishia. THCA iliyo kwenye jani bichi haileweshi. Moto ndio unaoitoa kaboni dioksidi, ikabaki THC, ile ambayo wanakemia Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964. Hesabuni atomi zake: kaboni 21, hidrojeni 30, oksijeni 2. Za CBD, ile inayobaki CBDA nayo ikipata moto? Zilezile, 21, 30, 2. Kwenye THC oksijeni moja imefunga pete. Kwenye CBD pete hiyo haikufungwa. Basi! Moja inalewesha, nyingine tangu 2018 ni dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa aina fulani za kifafa cha watoto.

Mama hapa mbele anasema yeye huijua kwa harufu kwenye nguo za kijana wake. Mama, pua yako haijakosea, ila unachonusa si THC. Hiyo haina harufu. Ni terpeni, mafuta mepesi yanayoruka hewani na kuipa mimea harufu. Mojawapo, mirsini, imo pia kwenye hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake, na hopsi ni ukoo mmoja na bangi. Ba baba wa Simba baridi, msiniangalie hivyo. Limonini, terpeni nyingine, nayo imejaa kwenye ganda hili. Nitalikunja karibu na mshumaa, mafuta yake yaruke yawake.

Kijana wa pale nyuma, zima taa.