Nati Iliyogoma Kung'atuka

REHEMA: Karibuni tena gerejini. Leo ni zamu ya rangi: msasa, praima, puti, vyote nimeviandika hapa, ukurasa mzima. Ila Idi kaingia kanuna, kucha nyeusi tii, hata salamu sijaipata.

IDI: Shikamoo basi, dada. Sina raha. Ile Beetle, kigari changu cha Volkswagen, injini imeshuka vizuri tu. Bolti nne zinazoishikilia kwenye gia boksi zimetoka bila ubishi. Nikajisemea, sasa natoa ekzosi. Ya silinda ya 3, nati ya chini, ile iliyojificha nyuma ya bati. Wiki nzima hainisikii.

REHEMA: Gari la mwaka gani vile? Wakumbushe.

IDI: 1965. Na nati yenyewe, ukiiangalia, sidhani kama kuna mkono uliowahi kuigusa tangu kiwandani.

REHEMA: Tangu 1965 yuko madarakani! Hiyo si nati, huyo ni Mheshimiwa.

IDI: Basi Mheshimiwa hataki kung'atuka. Nimemmwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni.

REHEMA: Unamlipa posho mara mbili kwa siku, halafu unashangaa haondoki?

[wanacheka]

IDI: Lakini si ndiyo kazi ya hayo mafuta? Yapenye taratibu kwenye nyuzi.

REHEMA: Yatapenya kama yana pa kupita. Piga nati kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kutu ipasuke, ndipo umwagie. Unatumia spana gani?

IDI: Soketi ya pembe 6, usinitanie. Ile ya 12 inakula kona, halafu Mheshimiwa anabaki mviringo na mimi sina pa kumshika.

REHEMA: Hapo sawa. Na hukulazimisha?

IDI: Nilazimishe? Ile stadi, kijiti chenye nyuzi ambacho nati imejifunga juu yake, ikikatikia ndani ya silinda hedi, nimekwisha. Hedi ni aluminiamu, stadi ni chuma. Ukiitoboa na keekee ikakwepa kidogo tu, keekee inakimbilia kwenye aluminiamu kwa sababu ndiyo laini. Utajikuta na tundu la upande.

REHEMA: Wasikilizaji, hapo Idi kasema kweli, iandikeni mahali. Na kile kitoa-bolti mnachokipenda, mkikivunjia humo ndani, chuma chake ni kigumu kuliko keekee yako. Huna pa kuanzia tena. Moto umejaribu?

IDI: Nimejaribu. Kabureta nimeshaitoa, tangi limebaki na gari huko nje, mafuta ya kutu nimeyafuta kwanza. Nikaipasha nati peke yake, haraka haraka, ipanuke kabla joto halijafika kwenye stadi.

REHEMA: Ukalegeza?

IDI: Nikalegeza. Kimya.

REHEMA: Ungekaza kwanza. Kidogo tu, usikie ule mlio wa "tik". Hiyo ndiyo kutu inayoachia.

IDI: Nimkaze Mheshimiwa? Nimwongezee muhula?

REHEMA: Muhula mfupi, wa kumzuga.

IDI: Haya, nilifanya hivyohivyo jana jioni, na kweli akalia tik. Akazunguka robo. Kisha akasimama.

REHEMA: Kaachia uwaziri, kabaki na ubunge.

[wanacheka muda mrefu]

IDI: Mke wangu ananiambia nichukue patasi, nipasue nati ubavuni, nimalize.

REHEMA: Shemeji ana akili. Nati ni ya kutupa, utaweka mpya ya shaba, ambayo haigandi na kutu. Unachookoa ni stadi.

IDI: Hayo ni mapinduzi. Mimi nataka aondoke kwa kura.

REHEMA: Subiri, Idi. Gari lilikuwa linatembea. Injini umeishusha kwa nini hasa?

IDI: Nilijua tutafika hapa.

REHEMA: Si kwa ajili ya ekzosi, eh?

IDI: Nahamia volti 12.

REHEMA: Idi!

IDI: Nataka kuona barabara usiku! Taa za volti 6 zinaangaza bampa yangu mwenyewe.

REHEMA: Mimi umeme wa magari ndiyo ugali... ngoja, niseme tu ndiyo kazi yangu. Taa ya wati 45 kwa volti 6 inataka ampea 7.5. Ukiwa na kiungo kimoja chenye kutu, ukinzani wa oumu 0.1 tu, umepoteza volti 0.75. Toa hiyo kwenye 6, taa lazima isinzie. Kosa si la volti, ni la kile kiungo.

IDI: Na kwa 12?

REHEMA: Ampea zinakuwa nusu. Hasara ni kama 0.375.

IDI: Kwenye 12! Yaani asilimia 3 badala ya 12 na nusu. Umenitetea mwenyewe.

REHEMA: Sijakutetea. Piga msasa kila kiungo, badilisha waya wa ethi unaotoka gia boksi kwenda kwenye bodi, halafu nitazame usoni uniambie taa haziwaki. Kiwanda kiliuza magari haya kwa volti 6 miaka na miaka, yakawaka.

IDI: Na kiwanda hichohicho kikahamia 12 kwenye modeli za 1967. Kwa nini?

REHEMA: Kwa sababu watu walitaka vitu vingi zaidi ndani ya gari. Wewe huna hata redio. Na flaiwili je, lile gurudumu zito la injini ambalo starta inalizungusha kwa meno? Yako ina meno 109, ya volti 12 ina 130, ni kubwa zaidi. Itakwaruza ndani ya nyumba ya gia boksi. Utaanza kusaga chuma cha asili?

IDI: Naacha flaiwili na starta ya 6, naipa umeme wa 12. Watu wanafanya.

REHEMA: Inazunguka kwa fujo, inakula meno.

IDI: Sekunde moja tu injini imewaka! Inakula saa ngapi?

REHEMA: Kila asubuhi, Idi. Na mota ya waipa?

IDI: Naiwekea rezista ya kupunguza volti.

REHEMA: Unaongeza kitu cha kuharibika ili kutibu kitu kisichoumwa.

IDI: Wewe huliendeshi usiku.

REHEMA: Na wewe hujapima volti kwenye taa hata mara moja. Kweli si kweli?

IDI: Sihitaji kipimo kujua sioni.

REHEMA: Basi tuishie hapo, hatukubaliani.

IDI: Hatukubaliani.

REHEMA: Na dakika zimebaki mbili. Rangi yangu jamani!

IDI: Soma hata moja.

REHEMA: Ya kwanza: bati ulilolipiga msasa hadi liking'aa, lisilale usiku bila praima, na puti usiipake juu ya...

IDI: Halafu chaja za 6 zenyewe siku hizi hazip...

REHEMA: Zima. Zima hicho kitu.